Aliyeshindwa Amekwenda Wapi?

Chamgei, ninyi mlio Kericho mjini, Kapsoit, Litein, Mogogosiek, Silibwet na Bomet, na ninyi mlio kwenye laini za mashamba ya chai, redio iko dirishani na sufuria iko motoni. Leo ni Jumatano, tarehe 23 Aprili 2025. Wiki hii imeanza kwa majonzi. Jumatatu ya Pasaka tulipata habari za kufariki kwa Papa Francis, na najua ziko nyumba nyingi zinazonisikiliza ambamo rozari bado iko mkononi. Poleni sana.

Kazi ya kipindi hiki ni michezo, na tangu jana asubuhi mmenisimamisha barabarani, mmenipigia simu, mmenitumia ujumbe, na swali ni moja tu: ile Raw ya baada ya WrestleMania, umeionaje? Basi leo hatutakwenda mbio. Tutakaa nayo.

Kwa saa zetu, Raw, kipindi cha miereka cha WWE, huanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne. Nililala mapema, nikatega kengele ya simu, nikaamka kabla haijalia. Mnaijua baridi yetu ya saa tisa usiku mwezi wa Aprili. Ukungu umeshuka hadi kizingitini, mabati yanadondosha maji, na ukitoa mkono nje ya blanketi unaurudisha haraka. Simu niliiegemeza kwenye mkebe wa majani ya chai, nikaishusha sauti hadi ikawa mnong'ono, kwa maana watoto wako likizoni na walikuwa wamelala. Katikati ya kipindi stima zikapotea. Betri ilikuwa imebaki asilimia 30, nami nikawa naiangalia kama mtu anayepima mafuta ya taa kwenye kandili. Kilipokwisha kulikuwa kunakaribia kupambazuka, na nje nilisikia gumboti za wachunaji zikiteremka kuelekea shambani.

Nawasimulia haya kwa sababu najua siko peke yangu. Wako wengi katika milima hii walioamka saa ile ile, na saa kumi na mbili na nusu wakawa tayari wana vikapu mgongoni. Mtu akitoa usingizi wake, ana haki ya kuuliza amepewa nini.

Raw ilianza tarehe 11 Januari 1993, na tangu siku hiyo imekuwa hadithi ya kila Jumatatu. Wengi wetu tuliijua miereka hii kwenye runinga ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliyokuwa ikiendeshwa kwa betri ya gari, majirani wote wamejazana sebuleni kwa mtu mmoja, na aliyechelewa anatazamia dirishani. WrestleMania ndiyo sikukuu yake ya mwaka. Ya mwaka huu, ya 41, ilifanyika Las Vegas, Marekani, katika uwanja wa Allegiant, Jumamosi na Jumapili ya Pasaka. Kwetu Jumapili ile ilikuwa imekwisha kuwa Jumatatu alfajiri wakati John Cena alipomshinda Cody Rhodes na kutwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya 17. Rekodi ya 16, aliyokuwa akiigawana na Ric Flair, ikavunjika.

Kwa wale ambao hawajafuatilia, niwakumbushe njia iliyotufikisha hapo. Julai mwaka jana, mjini Toronto, Cena alitangaza kwamba 2025 ni mwaka wake wa mwisho ulingoni. Kwa miaka zaidi ya 20 alikuwa kipenzi cha watoto, mtu wa kusema usikate tamaa. Kisha tarehe 1 Machi mwaka huu, katika mji huo huo wa Toronto, akamkumbatia Cody Rhodes mbele ya watu, na katika kumbatio hilo hilo akamgeuka na kumpiga. Na Jumapili ya Pasaka akashinda kwa tabia hiyo hiyo. Msanii Travis Scott aliingilia pigano. Cody akaupata mkanda mkononi, akawa na nafasi ya kumtwanga nao Cena, akasita. Moyo wake ulimkataza. Cena hakusita. Akampiga chini ya kiuno, akamgonga kichwani na mkanda, akamlalia. Moja, mbili, tatu.

Usiku uliofuata, katika mji ule ule, ndani ya ukumbi wa T-Mobile, ikaja Raw ninayoizungumzia.

Sasa kabla sijatoa hukumu yangu, niruhusuni niwapeleke mahali pamoja. Jana mchana nilipita kwenye kituo cha kununulia chai. Foleni ilikuwa ndefu, si mnajua msimu wa masika jinsi majani yanavyokuja kwa wingi. Vijana wawili walikuwa wakibishana. Mmoja alisema Cena amejichafulia jina akiwa uzeeni, mwingine akasema rekodi ni rekodi, vitabu haviandiki umeshinda vipi. Mbele yao alikuwa kogo mmoja, bibi mzee, amemwaga majani yake mezani anayachambua. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, na havikupumzika hata kidogo: majani mawili na chipukizi yanabaki, jani lililokomaa linakwenda pembeni.

Kijana mmoja akamwambia kwa adabu, "Kogo, wewe ulimtazama Cena tangu zamani. Si amekosea?"

Kogo hakuinua macho. Akauliza, "Na yule aliyeshindwa, amekwenda wapi?"

Wakatazamana. "Hajulikani, kogo. Jana usiku hakuonekana."

"Basi hamjamaliza kunisimulia," akasema, akaendelea na kazi yake.

Tangu nilipoondoka pale, swali hilo limenikaa kichwani, na ndilo nitakalopimia kipindi chote cha juzi. Kwa sababu kogo anajua jambo ambalo kila mkulima wa chai anajua. Karani akiyakataa majani yako, hayapotei hewani. Unayarudisha kikapuni, unayabeba mgongoni hadi nyumbani, na watoto wanakuona ukiingia nayo. Utafanya nini nayo, hiyo ndiyo habari ya jioni hiyo. Kushindwa kuna kesho yake. Na Raw ya baada ya WrestleMania ndiyo hiyo kesho. Mshindi tumekwisha kumwona Jumapili akiinua mkanda chini ya fataki. Jumatatu tunakwenda kuwaona walioangushwa.

Tuanze na Gunther, yule jabali wa Austria. Jumamosi alipoteza ubingwa wake kwa Jey Uso, na alipoteza kwa namna inayouma kuliko zote: alikabwa shingo kwa kabali ambayo ni yake mwenyewe, akapiga mkono kukubali. Juzi alikuja akiwa na ile aibu usoni. Hakumtafuta Jey. Alikwenda kwenye meza ya watangazaji, akamshika Michael Cole. Pat McAfee, aliyekuwa ameketi kando ya Cole, akainuka kumtetea mwenzake, na Gunther akamkaba yeye hadi akalegea na kuzimia.

Mimi ni mtangazaji, na sitaficha kwamba hapo moyo wangu ulipiga. Lakini tazameni jinsi jambo hilo lilivyopangwa vizuri. Mtu aliyeaibishwa mara nyingi hamwendei aliyemwaibisha. Humwendea yule aliyeisimulia aibu yake. Sauti iliyowaambia watu wa dunia nzima kwamba Gunther amepiga mkono ilikuwa ya Cole na McAfee. Kwa dakika chache tu tukajua aliyeshindwa amekwenda wapi: amekwenda gizani, na amewaburuta wasio na hatia. Hapo kogo angejibiwa.

Na kwa kuwa nimetaja watangazaji, acheni niseme neno kuhusu jirani yetu. Kule Uganda yuko Daniel Bumba, mashabiki wanamwita Bumbash. Alikuwa akiifasiri miereka hii kwa Kiganda kwenye runinga, ili mtu asiyejua Kiingereza aelewe nani amemsaliti nani. Mwaka 2023 akaanzisha miereka yake mwenyewe huko Mukono, Soft Ground Wrestling. Hawakuwa na ulingo, kwa hiyo wakasimika miti, wakaizungushia uzio, na chini wakaweka udongo uliolowa maji. Vijana wa kike na wa kiume wanarushana kwenye tope lile, na video zao zimezunguka dunia nzima. Nimezitazama nyingi. Kinachonigusa ni kwamba yote yalianzia kwenye sauti ya mtu mmoja aliyekaa kando ya picha akiwaeleza watu wake kwa lugha yao. Ndiyo maana nasema meza ya mtangazaji si samani ya ukumbini. Gunther alipoigusa, aligusa mahali ambapo hadithi inatoka.

Twende kwa Becky Lynch. Jumapili alirudi kwa kushtukiza, akashirikiana na Lyra Valkyria, Mwairishi mwenzake, wakatwaa mikanda ya wanawake wawili wawili. Juzi, baada ya siku moja tu, Liv Morgan na Raquel Rodriguez wakaichukua tena. Kisha, Lyra akiwa bado anaugulia, Becky akamgeuka na kumshambulia. Watu wengi mmeniandikia kwamba ni haraka mno, kwamba urafiki wa siku mbili hauna thamani ya kuvunjwa. Mimi nasema hivi: kama ungechelewa kuvunjika kwa wiki sita tungeuzoea. Ulipovunjika siku ile ile ya kushindwa, tukaona wazi sababu yake. Becky hakuja kumsaidia Lyra, alikuja kutafuta mkanda. Mkanda ulipoondoka, Lyra hakuwa na kazi tena kwake. Ni jambo chungu, na linafahamika kwa yeyote aliyewahi kuwa na rafiki wa wakati wa mavuno.

Yapo niliyoyafurahia ambayo sitayakalia sana. Rusev amerudi baada ya miaka mitano, akawashukia Otis na Akira Tozawa bila huruma. Dominik Mysterio, bingwa mpya wa Intercontinental, alikuwa na kazi kwa Penta, na msaada wa marafiki ukamwokoa. Mambo mazuri, yamewekwa mahali pake, nayo yatakua.

Sasa tufike mwisho wa kipindi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo Raw ilipofanya kazi iliyo bora kabisa.

Jumamosi, Seth Rollins aliwashinda CM Punk na Roman Reigns kwa pamoja, na aliyemshindisha ni Paul Heyman. Heyman, mzee wa maneno, mshauri wa Reigns kwa miaka, rafiki wa Punk tangu zamani. Aliwapiga wote wawili chini ya kiuno, kila mmoja kwa zamu yake, na kiti cha chuma kikamfikia Rollins. Kwa mtazamaji mgeni ni hila tu. Kwa aliyekaa na hadithi hii kuna mwangwi mrefu. Mwaka 2012 Rollins, Reigns na Dean Ambrose waliingia WWE pamoja kama ndugu watatu, The Shield. Tarehe 2 Juni 2014, siku moja baada ya pambano kubwa la Payback ambalo walishinda, Rollins alichukua kiti cha chuma akawapiga ndugu zake kwenye Raw ya Jumatatu. Karibu miaka 11 imepita. Kiti ni kile kile, mgongo ni ule ule wa Reigns. Hiyo ndiyo nguvu ya hadithi ya kila wiki: kitendo cha Jumatatu moja kinaweza kulala udongoni karibu miaka 11 na bado kikachipuka.

Juzi Rollins na Heyman walisimama ulingoni kujisifu. Walioshindwa wakaja. Punk akaja, Reigns akaja, kila mmoja anataka damu yake. Kwa muda mfupi ilionekana hesabu ni nyepesi, wawili wenye hasira dhidi ya mmoja na mzee. Ndipo Bron Breakker akatokea mbio, akawakita kwa bega mmoja baada ya mwingine, wakalala. Breakker huyu ni mtoto wa Rick Steiner. Ninyi mliowatazama Rick na nduguye Scott miaka ya tisini mnaikumbuka nguvu ya nyumba hiyo. Na Breakker naye alikuwa ameshindwa Jumapili. Alipoteza mkanda wa Intercontinental kwa Dominik bila yeye mwenyewe kulaliwa, kwa sababu aliyelaliwa alikuwa Finn Bálor. Basi aliyeshindwa amekwenda wapi? Amekwenda kwa Rollins. Amejibu dhuluma yake kwa kujiunga na mwenye nguvu. Katika dakika zile chache walioshindwa watatu walijibiwa kwa pamoja, na kundi jipya likazaliwa mbele ya macho yetu. Wachuna chai mnajua kwamba mti ukipogolewa vizuri hauchipui tawi moja. Huchipua pande zote.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma.

Cena alifungua kipindi. Alikuja na mkanda wake, akazungumza, ukumbi ukimzomea na kumshangilia kwa wakati mmoja. Alizungumza vizuri, tena sana. Kisha Randy Orton akamtokea nyuma na kumwangusha kwa pigo lake la RKO. Wawili hawa walianza WWE mwaka mmoja, 2002, na wamepigana ujana wao wote. Tarehe 10 Mei kuna pambano la Backlash huko St. Louis, nyumbani kwa Orton. Naelewa inakoelekea, na nitaitazama.

Lakini Cody Rhodes yuko wapi? Mtu aliyeshika mkanda mkononi akakataa kuutumia kwa sababu ya uungwana wake, akaponzwa na uungwana huo huo mbele ya dunia, juzi hakuwa na hata sekunde moja. Hatukumwona chumbani akifungwa bandeji. Hatukumsikia. Travis Scott, aliyeingilia pigano kubwa kuliko yote ya mwaka, hakuja kusema kwa nini. Nitaambiwa Cody ni mtu wa SmackDown, kile kipindi kingine cha WWE, zamu yake ni Ijumaa. Sawa. Lakini Orton pia ni wa SmackDown, na Jumatatu alipata njia ya kufika. Sidai Cody angepigana. Nadai picha moja, neno moja. Gunther alipewa, Breakker alipewa, Lyra alipewa. Aliyepoteza kikubwa kuliko wote ndiye aliyesahauliwa.

Na hasara yake inamwangukia hata Cena. Ubingwa wa 17 ni jambo ambalo halijawahi kutokea, lakini uzito wake unapimwa kwa shimo lililobaki pale alipotoka mwenzake. Bila kutuonyesha shimo hilo, Jumatatu ikaufanya ushindi wa Jumapili uonekane mwepesi, kana kwamba mkanda ulikuwa umetundikwa msumarini na Cena akaushusha tu.

Kuna watakaoniambia, wewe mtu mzima, haya si ni maigizo? Mshindi si amepangwa? Ndiyo, mshindi amepangwa. Sijawahi kuwaficha hilo, na hadithi ya kuzuliwa si hadithi ya uongo kwa mtu anayejua kusikiliza. Lakini miili haikupangwa. Mwaka 2022 Big E alirushwa nje ya ulingo, akatua kwa kichwa, akavunjika shingo, na mpaka leo hajarudi kupigana. Huyo ni mtu aliyefunzwa kuanguka kwa miaka mingi, na waliomzunguka wote walikuwa wamefunzwa. Ndiyo maana nawaomba wazazi, watoto wako nyumbani hadi shule zifunguliwe Jumatatu. Ukiwaona wamepanga magodoro chini ya kitanda cha juu, wasimamishe. Usiwachape. Kaa nao uwaonyeshe jinsi mwanamiereka anavyobana kidevu kifuani na kupiga mkeka kwa mikono yote miwili ili kulinda shingo, kisha uwaambie kwamba kuanguka namna hiyo ni kazi ya kujifunza miaka, chini ya mwalimu. Watoto wetu wana akili. Wakielezwa ugumu wa kazi, huiheshimu.

Basi hukumu yangu ni hii. Ilikuwa Raw nzuri, na mwisho wake ulikuwa bora kuliko pigano la mwisho la Jumapili. Walioamka saa tisa hawakuibiwa usingizi wao. Lakini kuna kikapu kimoja kilichorudi nyumbani na hakuna aliyetuonyesha nani alikibeba.

Ijumaa kuna SmackDown, kwetu Jumamosi alfajiri. Nitatega kengele tena, na simu nitaijaza chaji mapema. Nitamtafuta Cody Rhodes. Nikimwona, Jumamosi mchana nitateremka hadi kwenye kile kituo, nimngoje kogo amalize kuchambua majani yake, kisha nimmalizie kusimulia.

Usiku mwema, wasikilizaji. Jifunikeni vizuri, baridi ni kali.